Aliitwa mlevi kazini akiwa amefunga

Saa sita kasorobo mchana, kivuli cha ukuta wa supamaketi kimebaki na upana wa kiatu. Kaltumi Nasur amesimama mgongo ukigusa ukuta, kofia ya ukingo mpana imeshuka hadi kwenye nyusi. Gari linaingia. Anatoka juani, anaingiza kioo chenye mpini mrefu chini ya gari, anazunguka nacho, anagonga buti mara mbili.

“Nyabo, fungua kidogo nione. Asante. Pita,” anamwambia mama aliye kwenye usukani.

Kazi hiyo imemchukua chini ya dakika moja. Anaporudi ukutani, mashavu yake yameshaanza kuwaka, ingawa wewe unayemtazama huoni kitu. Ngozi yake ni nyeusi, na wekundu ambao kwa mtu mweupe ungeonekana toka ng’ambo ya barabara, kwake unajificha. Kinachoonekana ni vipele vidogo puani na mashavuni, na macho.

Macho ndiyo yaliyomponza.

Kaltumi ana miaka thelathini na tisa. Ni mlinzi wa kampuni binafsi katika supamaketi moja ya Ntinda, Kampala, na amesimama langoni hapo kwa miaka sita. Ana ugonjwa wa ngozi uitwao rosasea, ambao huufanya uso kuwa mwepesi wa kuchomwa na kila kitu: jua, vumbi, sabuni kali, supu ya moto, hata hasira.

“Inaanza kama umeinamia sufuria ya posho, ugali wetu, inayochemka,” anaeleza. “Halafu unainuka, unaondoka jikoni, lakini mvuke unakufuata. Unakwenda nao popote.”

Alizaliwa katika nyumba za polisi, Naguru. Baba yake, marehemu Nasur, alikuwa dereva wa polisi na Mwislamu. Mama yake, Anena, ni Mwacholi na Mkatoliki. Nyumbani Ijumaa ilikuwa ya baba na Jumapili ya mama, na lugha ya watoto wote wa mtaa ule ilikuwa Kiswahili. Kaltumi alifuata dini ya baba.

Vipele vilimtokea akiwa na miaka thelathini na moja. Kila mtu alikuwa na jibu lake. Jirani alisema ni chunusi za uzeeni. Shangazi alisema kuna mtu amemfanyia kitu. Wenzake kazini walinong’ona kwamba anajichubua. Mwuza dawa mmoja wa Kalerwe alimpa krimu ndogo ya bomba jekundu, akamwambia apake asubuhi na jioni.

“Wiki tatu nilikuwa malaika,” anasema, akicheka kidogo. “Uso laini. Nikawaambia watu, mnaona? Nikiiacha siku mbili tu, uso unalipuka mara mbili ya mwanzo. Basi nikawa siiachi.”

Krimu ile ilikuwa na steroidi, dawa kali inayotuliza ngozi huku ikiidhoofisha. Aliipaka miaka minne bila kujua kwamba ndiyo iliyokuwa ikimmaliza.

Kisha macho nayo yakaanza. Yakawa makavu, yanawasha kana kwamba kuna mchanga, mekundu toka asubuhi. Kaltumi alidhani ni vumbi la barabara. Kazi ya langoni ni kazi ya vumbi, nani angefikiri vingine?

Mwaka jana, siku ya tisa ya Ramadhani, jua lilikuwa kali na Kaltumi alikuwa amefunga. Kuanzia saa nane alihisi uso unapiga kama moyo. Alikuwa akifuta macho kwa mkono wa shati. Mteja mmoja aliegesha, akamtazama, akaingia ndani moja kwa moja hadi kwa meneja.

“Askari wenu pale nje amelewa,” alisema. “Macho kama damu, hata kusimama hawezi vizuri.”

Meneja alipiga simu kwenye kampuni. Nusu saa baadaye alifika kwa pikipiki msimamizi wa eneo, Odur, mtu aliyewahi kuwa jeshini, mwenye sauti ya kusikika hata asipopaza. Kaltumi anayakumbuka mazungumzo yale neno kwa neno.

“Kaltumi, macho yako iko nyekundu namna gani hii? Umekunywa nini?”

“Afande, nimefunga. Hata maji sijaweka mdomoni.”

“Wote wanasema hivyo.”

“Basi nipeleke kituoni wanipime pumzi. Twende sasa hivi.”

“Nani ako na hiyo muda? Toa kofia. Rudi nyumbani, barua utapata.”

Alivua bereti mbele ya mstari wa magari. Mwanamume mmoja alikuwa ameshusha kioo ili asikie vizuri. Kaltumi alitembea kwa miguu hadi Naguru akiwa na sare bila kofia, jambo ambalo, kwa mtoto wa polisi, ni kama kutembea bila viatu.

Lakini anasema si hilo lililomuumiza zaidi.

Alipofika nyumbani mama yake alikuwa mlangoni. Habari zilikuwa zimetangulia kwa simu. Mama alimshika mabega, akamvuta karibu kana kwamba anamkumbatia. Kaltumi akajiachia, akaweka kichwa begani kwake. Ndipo akasikia pumzi ya mama ikiingia puani, polepole, karibu na mdomo wake.

“Alikuwa ananinusa,” anasema Kaltumi.

Mama Anena, mwenye miaka sabini na moja, hakanushi. Ameketi kwenye mkeka barazani, mikono imelala juu ya magoti. “Sikufichi, mwandishi. Nilinusa mwanangu. Mimi niliyemzaa. Najua hanywi, tangu mdogo hanywi, na bado nilinusa. Nikasikia ni njaa tu. Pumzi ya mtu aliyefunga.”

Jioni ile adhana ilipoita, Kaltumi alifungua kwa maji matupu akaingia kulala. Binti yake Lakica, wakati huo akiwa na miaka kumi na tatu, alimwekea uji mlangoni. Saa ya daku aliukuta umepoa, akaunywa ulivyo. Anasema ilikuwa mara ya kwanza kunywa uji bila uso kuwaka, ila siku hiyo hakulitilia maanani.

Barua ilikuja: kusimamishwa kazi kwa muda usiojulikana, bila mshahara. Mshahara wenyewe ni shilingi laki tatu na themanini kwa mwezi, na ndio uliokuwa unalipa ada ya Lakica.

Siku ya kumi na mbili ya kukaa nyumbani, Mama Anena alikuwa na miadi ya macho. Ana mtoto wa jicho, na kwa kawaida humwomba jirani amsindikize kwa kuwa Kaltumi yuko kazini. Safari hii binti alikuwepo. Wakaenda pamoja, hawazungumzi sana.

Muuguzi wa macho aliyewapokea anaitwa Lakot. Alimkalisha mama, akamwangaza kwa tochi, akaandika. Kisha akamtazama aliyesimama nyuma.

“Na wewe dada, macho yako yana muda gani hivyo?”

“Mimi si mgonjwa. Nimemleta mama.”

“Nimekuuliza muda gani.”

Kaltumi akasema kama miaka miwili. Lakot akamwashia tochi, akavuta kope ya chini, akatazama mashavu na pua. Kisha akauliza swali ambalo, kwa miaka saba, hakuna aliyewahi kumuuliza.

“Ukinywa chai ya moto, uso unawaka?”

“Nilikaa chini,” anakumbuka Kaltumi. “Sikualikwa kukaa. Nikamwambia, sista, umejuaje?”

Lakot anasema halikuwa jambo la ajabu. “Macho na uso vilikuwa vinasema kitu kimoja. Kwa ngozi yetu nyeusi watu wanakosa kuona wekundu, wanaona vipele, wanasema chunusi. Lakini macho hayana rangi ya kujifichia. Nilimwandikia barua aende kwa daktari wa ngozi.”

Daktari wa ngozi alithibitisha. Alimweleza kwamba ugonjwa huo hautokani na uchafu wala pombe, na haumwambukizi mtu mwingine. Hauna dawa ya kuumaliza kabisa, lakini hutulia ukitunzwa. Alimpa vidonge vya miezi kadhaa na krimu ya kupaka usiku, akamwachisha lile bomba jekundu. Kuliacha kulikuwa vita: mwezi mzima uso ulivimba na kuchubuka, na Kaltumi alijifunga kanga hadi machoni hata ndani ya nyumba.

Leo anaishi na uso wake kwa utaratibu wa lindo. Asubuhi anaosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato. Ile sabuni ya mche ya kufulia haigusi tena mashavu. Hasugui, anabonyeza tu kwa kitambaa laini cha pamba. Kisha analaza kitambaa cha moto kidogo juu ya kope kwa dakika tano. Chai anaisubiri ipoe. Pilipili, aliyoipenda kama baba yake, ameiacha.

Walinzi huandika kila tukio la zamu kwenye daftari. Kaltumi alinunua daftari la namna hiyo kwa ajili ya uso. Ukurasa mmoja unasomeka: “Saa 4:00, supu ya moto. Saa 4:15, uso umewaka. Saa 5:30, umetulia.” Mwingine: “Saa 9:20, dereva amenitukana. Saa 9:25, uso umewaka.” Kwa njia hiyo aligundua kwamba ndizi na karanga hazimdhuru, ingawa watu walimkataza, na kwamba hasira humchoma kuliko jua.

“Kwa hiyo sikasiriki?” anajiuliza mwenyewe. “Nakasirika. Ila sasa nachagua nani anastahili.”

Gharama kubwa ni krimu ya kukinga jua. Bomba moja ni shilingi elfu hamsini na tano na humaliza wiki sita akibana. Ile anayoimudu humwachia weupe usoni, na vijana wa bodaboda wa upande wa pili hawampi nafasi ya kupumua.

“Afande, leo umepika chapati?” mmoja anapaza sauti tukiwa hapo.

“Nimepika,” anajibu bila kugeuka. “Yako imeungua.”

Wanacheka wote, naye anacheka. Halafu anatoa bomba mfukoni na kujipaka tena, mbele yao.

Kurudi kazini hakukuwa rahisi. Siku ya kumi na tisa tangu asimamishwe, Kaltumi alikwenda kwenye ofisi ya kampuni, Nakawa, na barua ya daktari ndani ya bahasha. Odur aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena. Akauliza, “Hii ugonjwa, iko kweli?”

“Afande, iko usoni kwangu.”

Odur akamwambia arudi lindo Jumatatu. Hakuomba radhi siku hiyo.

Nilipomtafuta, hakukwepa. Alisema miaka mitatu kabla alikuwa na mlinzi aliyelewa zamu ya mchana, gari la mteja likaibwa mbele ya pua yake, na yeye Odur akapoteza cheo. “Tangu hapo nikiona macho nyekundu, mimi moyo inaruka,” alisema. “Lakini Kaltumi aliniomba kipimo. Mlevi haombi kipimo. Nilipaswa kujua hapo hapo. Nilikosea.”

Wiki mbili baada ya Kaltumi kurejea, Odur alifika langoni na mfuko wa nailoni. Ndani yake mlikuwa na kofia ya rangi ya sare, yenye ukingo mpana, aliyoinunua mwenyewe sokoni. Kanuni ya kampuni ni bereti.

“Vaa,” alimwambia. “Wakiuliza, waniulize mimi.”

Pia alipanga zamu upya ili mchana Kaltumi ahamie lango la mashariki, ambako jengo hutupa kivuli kuanzia saa saba. Daktari alimshauri atafute kazi ya ndani, na nafasi ya kutazama kamera ilipotokea aliitwa. Aliikataa.

“Ningeenda wakati ule, wangesema nimefichwa,” anasema. “Nilitaka kwanza wanizoee na huu uso wangu. Yule mteja aliyenishtaki bado anakuja kununua. Namfungulia lango. Ananisalimia siku hizi, sijui kama anakumbuka.”

Lakini jambo moja halijaisha. Kaltumi ameomba kozi ya uongozi wa zamu, inayoanza mwezi ujao. Alipokwenda kujaza fomu, karani alifungua faili lake, na humo, kwa wino wa bluu, bado pameandikwa: “Alikutwa na dalili za ulevi kazini.” Barua ya daktari imebanwa nyuma ya karatasi hiyo, lakini maneno hayajafutwa. Mwenye faili lenye maneno kama hayo hapati kozi.

Ijumaa hii ana miadi na mkuu wa utumishi. Odur ameahidi kuingia naye na kusema kwa mdomo wake yaliyotokea. Mama Anena amesema atakaa nje kwenye benchi, hata wakimwambia aondoke.

“Siendi kuomba huruma,” anasema Kaltumi. “Naenda kuomba hilo neno litoke. Nikipata uongozi wa zamu, mlinzi wangu akija na macho mekundu, kitu cha kwanza nitamuuliza kama anaumwa.”

Kabla ya kuagana nilimwambia kwamba, akitaka, gazeti linaweza kubadilisha jina lake. Alifikiri kidogo huku akiliongoza gari lililokuwa likirudi nyuma, mkono mmoja hewani, hadi likatoka.

“Barua ya kunisimamisha waliibandika ukutani pale ofisini, watu wote wakasoma,” alisema. “Haikusema ‘mlinzi mmoja wa Ntinda’. Ilisema Kaltumi Nasur. Wewe pia andika hivyo.”