Aliyekuja Kupepea Kompyuta ya Neema

Mie shule niliishia darasa la nne, tena katikati, kwa hiyo uongo wa kutunga wenye mwanzo na mwisho siuwezi. Haya ninayoyaandika niliyaona kwa macho yangu, mchana kweupe, nyumbani kwangu Temeke, nimeshiba na akili zangu ninazo. Asiyeamini asiamini, lakini asome mpaka chini, maana huko chini kuna jambo litamfaa hata yeye.

Ilikuwa miaka kadhaa baada ya vitu kuanza kuingia nchini. Wa umri wangu mnakumbuka. Jana tunapanga foleni ya sabuni, leo kila kibaraza kina sabuni za rangi zote, mitumba, redio, mpaka maua ya plastiki. Mie nilinunua maua yale, nikawa nayafuta vumbi kila Ijumaa kama mwehu. Lakini tuyaache maua. Nilikuwa mjane, nakaa kwenye nyumba ya vyumba sita na korido katikati, naishi kwa kupangisha. Uwani palikuwa na choo, jiko na mpapai mmoja dume, usiozaa, uliota mahali marehemu mume wangu alipofukia kisima cha zamani. Kisima hicho kikumbukeni.

Chumba cha kuelekea uwani alipanga binti mmoja, Neema, kwao Tukuyu, kule kwenye baridi na ndizi. Alikuwa anasoma chuo, anatafuta ualimu. Mpole, Mkristo safi, shikamoo yake ya asubuhi ina magoti ndani yake. Mie akiniita "mama mwenye nyumba". Naomba ndoo, mama mwenye nyumba. Natoka, mama mwenye nyumba. Miaka miwili hakuniita vingine, na mie sikuona kama kuna vingine.

Huyu Neema alipewa kompyuta na mzungu mmoja ambaye yeye Neema alikuwa akimfundisha Kiswahili, mzungu alipokuwa anarudi kwao. Ile ya kufunua, ya kupakata mapajani, nyie siku hizi mnaiita laptopu. Msidhani ni kama zenu nyembamba kama sahani. Ile ilikuwa nene kama tofali, na ilishazeeka kwa mwenyewe kabla haijaletwa kuja kumalizia uzee kwetu. Tena nzito ya kufikiri! Neema anabonyeza, kwenye kioo kinatokea kichupa cha mchanga, maana yake subiri. Basi anakwenda kuteka maji, anarudi, anakuta kichupa bado kinamsubirisha.

Na joto lake! Ukitia mkono chini yake unautoa mbio. Ikishapata joto inavuma kwa ndani kama nyuki aliyenaswa kwenye chupa, halafu kimya, imezima, na alichokiandika kimepotea. Yule mtoto alikuwa anakaa anaangalia kioo cheusi kama mtu aliyefiwa.

Tuliihangaikia, niaminini. Fundi redio wa mtaani aliifungua akaisafisha na brashi ya rangi, likatoka vumbi la kujaza kiganja na mende mmoja mkavu. Ikapoa siku chache, ikarudia mchezo. Tukaiinua kwa visoda vya chupa, kila pembe kisoda, hewa ipite chini. Tukaiweka juu ya sinia la bati, na chini ya sinia kanga tuliyoilowesha tukaikamua. Mwisho wake mie, mtu mzima na heshima zangu, nikawa nakaa ubavuni kwake na pepeo la ukili, lile la kupepelea jiko la mkaa. Neema anaandika, mie napepea. Mkono ukichoka, kompyuta inazima.

Ndipo tukazoea kuiita mgonjwa. Mama Rukia, jirani wa ng'ambo ya ukuta, ulimi wake haujui kupumzika, kila asubuhi anapaza sauti:

"Shoga, mgonjwa wenu kaamkaje?"

"Kaamka na homa. Sasa hivi kazimia!"

"Mnywesheni mwarobaini!"

Tunacheka weee. Kumbe tunatangaza. Sie watu wa pwani si mnatujua? Ikisikika nyumba fulani ina mgonjwa, watu watakuja kumjulia hali. Atakuja jirani, atakuja shoga wa jirani, atakuja na mtu hujawahi kumwona tangu uzaliwe. Na humuulizi wewe nani. Unamwambia karibu, unamtandikia mkeka. Adabu yetu ndiyo hiyo.

Siku yenyewe ilikuwa kwenye lile joto la mwezi wa pili, ambalo hata kuku wanatanua mabawa. Neema alikuwa na kazi yake ya mwisho ya chuo, ndefu, na kesho yake asubuhi ndiyo ilikuwa ifike mikononi mwa mwalimu. Bila hiyo, ualimu hakuna, arudi Tukuyu akaeleze kwao. Alikaa kwenye kompyuta tangu alfajiri. Nilimpelekea chai ya tangawizi, ikapoa pale pale. Nikampelekea wali, akaniambia, "Hakipandi, mama mwenye nyumba." Macho mekundu. Halafu kajitanda kanga mbili mabegani! Nikamcheka.

"Mtu wa Tukuyu unasikia baridi Temeke?"

Akatabasamu tu. Mie nikashika pepeo langu, maana mgonjwa ameshaanza kuvuma.

Adhuhuri ilikuwa imekwisha kuadhiniwa. Mtaa mzima kimya, watu wamelala kwa joto. Nyie mnadhani mambo haya ni ya usiku? Bibi yangu alikuwa hatuachii kuzurura jua likiwa utosini. Akisema saa ile wapo wanaotembea, na wenyewe hawana kivuli kama ambavyo na sie saa ile hatuna, kwa hiyo huwezi kututofautisha. Nilikuwaga nadhani anatutisha tulale.

Nikasikia, "Hodi wenyewe."

"Karibu," nikajibu. Sikugeuka. Mkono uko kwenye pepeo, ningegeukaje?

"Nimesikia mna mgonjwa."

"Tunaye. Pita ndani, mgonjwa mwenyewe huyu hapa." Bado natania, nadhani ni shoga yake Mama Rukia.

Akaingia mwanamke wa makamo, kavaa kaniki kama walivyokuwa wakivaa bibi zetu, miguu peku. Jua lile, lakini usoni hana hata tone la jasho. Na alivyoingia aliingia na ubaridi, kama pale unapofunua mtungi. Miguu yake ilikuwa imelowa. Kila alipokanyaga pale sakafuni aliacha alama ya unyayo, na alama hazikukauka.

Akaketi mkekani, akanitoa pepeo mkononi taratibu. "Pumzika, mwenzangu. Umechoka."

Akaanza kupepea. Si kama mie ninavyopepea, kwa fujo ya jikoni. Alipepea polepole, mkono mwepesi, kama unavyompepea mtoto mchanga usitake aamke. Neema akaona haya.

"Shikamoo, mama. Samahani, hii ni kompyuta tu."

"Marahaba, mwanangu. Nimeona ni kompyuta. Kwani yenyewe haisikii joto?"

Akaweka kiganja juu yake. Nyuki wa ndani akanyamaza. Kichupa cha mchanga kikatoweka, na maneno yakaanza kukimbia kwenye kioo, Neema anaandika na yenyewe inapokea, anaandika na yenyewe inapokea. Neema akacheka kwa sauti. Nilikuwa sijamsikia akicheka mwezi mzima.

Mie nikawa najiandaa kuuliza, mgeni wetu unatokea wapi. Ndipo yule mwanamke akanyoosha mkono wake wa pili, akamgusa Neema shingoni. Pepeo likasimama.

"Mwenye nyumba," akaniambia, bila ukali hata kidogo, "huyu mnampepea. Na huyu je?"

Nikamgusa Neema paji la uso. Jamani. Joto la kompyuta halikuwa kitu. Alikuwa anaungua yule mtoto, na meno yanagongana, na vidole bado viko kwenye herufi. "Nimalizie ukurasa huu tu," akasema, lakini alikuwa haniangalii mie. Alikuwa anamwangalia mgeni.

"Nitamchukua," akasema mgeni. "Kwangu hakuna joto. Nimeshawalaza wengi, wamepoa wote."

"Kwako wapi?"

"Hapa hapa." Akaelekeza kwa kidevu, kule uwani, kwenye mpapai.

Nilijua pale chini ya mpapai pana nini. Na Neema, binti wa watu, akaanza kuinuka, anajishika ukutani, uso umetulia kama wa mtoto anayekwenda kulala. "Twende, mama," akamwambia. "Kuna baridi kama nyumbani."

Mie nimekaa. Nikasema kwa sauti ndogo, "Usimchukue."

Yule mwanamke akanitazama. "Ana mwenyewe?"

"Kwao ni mbali. Tukuyu."

"Nauliza hapa. Hapa ana mwenyewe?"

Wasomaji wangu, neno "mpangaji" lilikuwa limeshanijaa mdomoni. Huyu ni mpangaji wangu. Ndiyo ukweli, si ndiyo? Ningelisema, leo nisingekuwa na kisa hiki cha kuwaandikia, ningekuwa na kingine, na nisingekiandika. Nikalimeza. Nikasema, "Anaye. Mie mama yake."

"Wewe si mwenye nyumba?"

"Mama yake, nakwambia! Niachie mwanangu!" Nikainuka, nikamkumbatia Neema kwa nguvu zangu zote, na joto lake likaniingia kifuani.

Nilitegemea akasirike. Lakini alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Akanipa mkono, kama mgeni anavyoaga, na mie kwa mazoea nikaupokea. "Basi mshike," akasema. "Usimwachie. Mungu ampe afya."

Mlango aliotokea sikuuona. Niliziona nyayo zake sakafuni, mbichi, zinatoka kuelekea uwani, zinakatiza mchangani, zinaishia kwenye shina la mpapai.

Nilipiga ukelele, Mama Rukia akaja bila hata viatu, tukamwingiza Neema kwenye teksi mpaka hospitali. Malaria ilikuwa inapanda kichwani. Daktari akanishika bega, "Umewahi, mama yake. Ingefika jioni ningekwambia mengine." Kila aliyeniuliza pale mie ni nani wa mgonjwa, nikamjibu hivyo hivyo. Mama yake.

Ile kazi ya chuo? Niliporudi nyumbani kuchukua nguo, nikaikuta kompyuta imewaka, maneno yote yapo, na yenyewe ya baridi kama maji ya mtungini. Mama Rukia akaniambia umeme ulikatika mtaa mzima tangu mchana, na betri ya kile kidude ilishakufa zamani. Mwalimu wake aliposikia kalazwa, akampa muda mwingine. Tungemwomba tu tangu mwanzo!

Baadaye bibi mmoja mzawa wa pale alinieleza. Zamani, kabla ya nyumba hizi, kisimani pale aliishi mwanamke aliyechukuliwa na homa watoto wake wote, mmoja mmoja. Tangu hapo akawa hasikii pana mgonjwa asiende kumpepea. Jina lake hakuna anayelikumbuka. Namwombea dua hivyo hivyo bila jina, na pepeo naliacha uwani, chini ya mpapai.

Kiganja changu cha kulia, nilichompa siku ile, hakijawahi kupata joto tena. Wanawake wa mtaani wananiletea watoto wenye homa niwawekee kwenye paji, na watoto wanatulia. Mie nawaambia, sasa nendeni hospitali, huu si uganga, ni baridi tu.

Neema ni mwalimu huko kwao, ana watoto watatu. Akipiga simu anaanza, "Shikamoo, mama." Lile la mwenye nyumba lilibaki hospitalini, hakuna aliyerudi kulichukua.

Na nyie mnaoinamia hizo mashine zenu, zikipata joto zipepeeni, siwakatazi. Lakini mgusane nyie wenyewe kwanza. Na ikitokea jua liko utosini, mtu akapiga hodi akasema amesikia mna mgonjwa, msicheke. Zunguka nyumba yako, gusa kila paji la uso, la mtoto, la mpangaji, la dada wa kazi. Kisha uwe na jibu tayari, maana atakuuliza kama ana mwenyewe.