Kinga ya Sampu

Nilikwenda Nyarugusu kumsaidia baba mkwe kwa wiki mbili. Mwezi wa tano tangu nifike ulinikuta huko huko, nimelala chali chini ya pikapu, vumbi jekundu likinidondokea machoni, mke wangu yuko Shinyanga na mtoto aliyeanza kutembea bila mimi kuona.

Kwetu mkwe habishiwi. Ukimwamkia unainamisha kichwa, na akisema kuna kazi moja ndogo tu imebaki, unaitikia ndiyo, baba. Nilikuwa nimeitikia mara nyingi mpaka nikajichukia. Karakana yenyewe ilikuwa mabati machache na mashine ya kuchomea, lakini ilinibana kuliko mahabusu.

Pikapu ilikuwa ya mama mmoja aliyesomba mawe ya dhahabu kutoka kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji, kwenda kwenye karasha za kusagia. Njia ya huko ni miamba mitupu. Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ilikwisha kupasuka mara mbili, oili yote ikamwagika porini, kwa hiyo alitaka bamba la chuma la kuikinga kwa chini. Nikapima kwa katoni, nikakata bamba kutoka kwenye pipa la karasha lililochakaa, chuma kigumu kilichotuvunjia biti za drili moja baada ya nyingine. Nikaacha tundu la kumwagia oili. Ilikuwa kazi nzuri, nasema bila haya. Niliifanya vizuri kwa sababu ilikuwa ya mwisho: nilikwisha kumwambia mke wangu kwamba Jumamosi niko nyumbani, potelea mbali.

Vilibaki vishikizo viwili vya kuchomea kwenye chasisi, ambavyo ndivyo vingebeba bamba lote. Baba mkwe akasema hivyo atachomea mwenyewe. Akavaa miwani yake ya jua ya mnadani, ile ile aliyochomea nayo miaka yote, akaingia chini.

Mchomeaji huisikia kazi kabla hajaiona. Ikishika, inalia mfululizo kama maandazi kwenye mafuta. Yake ilidakia na kukatika. Nikainama kuchungulia. Matone ya chuma yalikuwa yameganda pembeni, vidole viwili kutoka kwenye kiungo, na kiungo kiko wazi, kimeshikwa na doa moja tu. Akasogeza mkono, akachomea tena mahali pasipo na kitu. Macho yalikuwa yamekwisha. Ndipo nikaelewa zile kazi ndogo ndogo zisizoisha.

"Imeshika?" akauliza kutoka chini.

Mwenye gari alikuwa amesimama pale pale. Kumwambia mkwe mbele ya mteja kwamba haoni ni sawa na kumvua nguo.

"Imeshika, baba," nikasema.

Nikafunga bamba kwa bolti, mama akapanda, akawasha gari. Mwamba wa kwanza ungeng'oa bamba na kulikunja chini ya injini, naye yuko peke yake porini. Nikasimama mbele ya gari, nikamwomba azime, nikasema nimesahau kusafisha matone. Nikachomoa waya wa betri, nikaingia chini na kuchomea vishikizo vyote viwili upya. Nilikuwa namdanganya nani? Baba mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda hatua tatu kutoka kwangu, ameelekeza sikio. Hakuna mchomeaji asiyetofautisha sauti ya grenda inayosafisha na sauti ya moto unaochomea.

Gari likaondoka. Baba mkwe akapangusa ile miwani kwa ncha ya shati.

"Jumamosi nenda, mkwe wangu," akasema bila kunigeukia. "Mkeo anakungoja."

Hilo ndilo neno nililolisubiri miezi mitano. Nilimkasirikia kwa kulisema siku ile, maana asubuhi ya siku hiyo hiyo, kabla sijajua habari ya macho yake, ningeondoka na moyo mweupe.

Nikamwuliza Jumatatu kuna kazi gani.