Karavani Isiyouza Kitu

Mtaa mzima ulimwita Mama Kaunta, na wachache mno walikumbuka jina alilopewa na wazazi wake. Duka lake liliuza vifungo, zipu, nyuzi, bitana na mipira ya kiunoni. Tangu alipolifungua akiwa bibi harusi mpaka nywele zilipomgeuka mvi, alikuwa nyuma ya kaunta ile ya mbao asubuhi hadi jioni, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni kama nishani. Hakuwahi kumpunja mtu lesi. Zipu ikiwa mbovu, alisema ni mbovu. Mafundi cherehani walimwogopa na kumpenda kwa sababu hiyohiyo moja.

Kasoro yake, kama ilikuwa kasoro, ni kwamba hakujua kukaa. Jumapili duka likiwa limefungwa, alipanga vifungo kwa rangi sebuleni. Alipolazwa hospitalini kwa ajili ya nyongo, muuguzi alimkuta anamshonea pindo la gauni mgonjwa wa kitanda cha jirani. Siku hizi watu hujisifia uchovu kana kwamba ni uadilifu. Yeye hakujisifia, alikuwa tu hajawahi kujaribu kitu kingine.

Mumewe aliendesha malori ya masafa marefu, na madereva wenzake walimbandika jina la Breki, kwa kuwa alisimama kutazama kila kizuri alichokiona njiani. Kila safari alirudi na habari zake. Mara ameona ziwa lililofunikwa na ndege wekundu hata maji hayaonekani. Mara amepita barabara inayopanda mpaka mawingu yanabaki chini ya magurudumu. Mara amelala kwenye mji wa baridi ambako mbwa wanavaa sweta.

"Unatia chumvi," Mama Kaunta alikuwa akisema, huku akikata mpira wa kiunoni.

"Siku moja nitakupeleka, ukaone kwa macho yako."

Siku moja hiyo ilikula ndoa yao karibu yote. Breki alipostaafu, binti yao mkubwa akakabidhiwa duka, na jioni ya siku hiyo Mama Kaunta akaweka utepe wake juu ya meza ya chakula.

"Haya, Baba Watoto, nipeleke. Nataka kujua kama niliolewa na dereva au na mwongo."

Breki hakungoja aambiwe mara ya pili. Ng'ambo ya mpaka, katika nchi jirani, alipata karavani inayouzwa: nyumba ndogo ya bati jeupe juu ya magurudumu mawili, ya kukokotwa nyuma ya gari, ina kitanda, jiko la gesi, tangi la maji na choo ambacho mtu mnene angeingia kwa kurudi kinyumenyume. Alitangulia peke yake kuinunua, na kumpa fundi wa bati wa hukohuko kazi ya siri. Juma lililofuata wakaenda wote wawili na pikapu yao kuichukua.

Siri yenyewe ilikuwa dirisha. Fundi alikuwa amekata ubavu mzima wa karavani upande wa kitanda, akatia kifuniko kinachofunguka kwenda juu na kushikiliwa na chuma, na chini yake rafu ya mbao iliyopigwa msasa vizuri.

"Ili ukiamka uone ziwa bila kunyanyua kichwa," Breki alieleza. "Na hapa unaweka kikombe chako."

Mama Kaunta alizikagua bawaba kwa muda mrefu kuliko bawaba zinavyostahili, kwa sababu hakutaka mumewe aone macho yake.

Basi wakaja mpakani wakiwa na furaha kama watoto waliokatazwa kucheka darasani: mmoja akimtazama mwenzake tu, wote wanapasuka. Mstari wa malori ulikuwa mrefu, kuna vumbi, kuna honi, na karavani yao nyeupe katikati ilionekana kama yai lililosahauliwa gereji.

Afisa wa forodha alikuwa dada mrefu mwenye miwani iliyopandishwa juu ya paji la uso. Aliizunguka karavani, akachungulia kitanda, akafungua bomba, akafunga bomba, kisha akasimama mbele ya lile dirisha.

"Hili la nini, mzee?"

"La kuangalia nje, binti yangu."

"Na hii rafu?"

"Ya kuwekea kikombe."

"Kikombe cha mteja."

"Cha mke wangu!"

Dada akashusha miwani. "Mzee, vibanda vya biashara vinapita hapa kila siku. Kila mwenye kibanda ananiambia ni nyumba ya kutembelea, maana nyumba ya kutembelea haidaiwi leseni. Mnakwenda kufanya nini nayo?"

"Kutembea," alisema Mama Kaunta.

"Kutembea kikazi?"

"Kutembea tu."

"Kwa nani?"

Mama Kaunta akamtazama mumewe, mumewe akatazama magurudumu. "Kwa ziwa," alisema hatimaye.

Madereva waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Na hapo ndipo dunia ilipofika: mtu akisema anakwenda kupora, watu watamuuliza wapi; akisema anakwenda kuangalia maji, wanamwona kichaa.

"Mama," afisa alisema, bila ubaya, "sheria iko hivi. Kama ni ya familia kupumzikia, inapita. Kama ni ya kuuzia, bila leseni inarudi ilikotoka. Nina basi la abiria la kumaliza kukagua. Nikirudi nitaamua. Nithibitishieni kwamba hamuuzi."

Akaondoka. Breki akashika tama. Aliyewauzia alikuwa amekwisha kuhama na familia yake. Karavani ikirudishwa ingebaki upande ule mpaka ioze, na siku moja ingekuwa tena siku moja. Mkono wake ukaanza kuteleza kuelekea mfuko wa nyuma wa suruali.

"Toa mkono," mkewe alisema.

"Nilikuwa najikuna."

"Jikune kwingine."

"Basi tuseme ni zahanati. Zahanati inapita."

"Baba Watoto, nimekaa kaunta maisha yangu yote sijasema pamba ni hariri. Nisiende kuanza uongo leo, likizoni."

Kwa kuwa hakujua kungoja mikono ikiwa mitupu, aliingia ndani, akateka maji kutoka kwenye tangi, akabandika chai. Karavani ilikuwa na joto la tanuri, kwa hiyo akafungua dirisha. Kifuniko kikapanda juu, rafu ikang'aa juani, mvuke ukatoka, na yeye mwenyewe akaonekana pale katikati, amesimama wima, viganja juu ya mbao, kama alivyosimama miaka yote.

Kikombe cha kwanza akampa mumewe. Kabla Breki hajakaa vizuri, sauti ikatoka chini ya dirisha: "Mama, na mimi naomba."

Alikuwa dereva wa lori la saruji, kipande cha mtu, mabega kama kabati. Akampa. Nyuma yake akaja mwingine, na nyuma ya huyo wawili wengine, na kabla Breki hajameza funda la pili, palikuwa na foleni.

"Siuzi!" Mama Kaunta alitangaza. "Chai hii ni ya bure. Ni ukarimu!"

"Sawa mama, nipe ukarimu, sukari mbili."

"Na mimi ukarimu wa rangi, bila maziwa."

"Oya, usiruke mstari wa ukarimu!"

Breki alikuwa anacheka hata kikombe kinamwagika magotini. Mama Kaunta naye akaanza kucheka, na katika kucheka huko akafanya kosa ambalo mtu asiye wa kaunta asingelifanya. Kipande cha mtu yule wa saruji aliweka kikombe kitupu juu ya rafu, akaweka noti kando yake. Mkono wa Mama Kaunta ukaifuata noti wenyewe, ukaikunja, ukaitia kifuani, na mdomo wake, nao bila kuagizwa, ukasema:

"Ahsante, karibu tena. Nikuongezee nini?"

Foleni ikageuka kutazama nyuma. Mama Kaunta akainua macho. Mwisho wa mstari, nyuma ya dereva mmoja wa lori la mafuta, alisimama dada wa forodha na miwani yake.

"Mama," alisema pole pole. "Nimesikia vizuri?"

Breki akaruka mbele. "Hapana, binti yangu, hiyo noti ni..."

"Nimeuza," Mama Kaunta alisema. Uso ulikuwa umemshuka kama pazia lililokatika kamba. "Usimsikilize. Nimeuza kikombe kimoja. Mkono umeuza kabla yangu, lakini mkono ni wangu. Andika unachopaswa kuandika. Ila kwanza nirudishe hela ya watu."

Lakini kipande cha mtu hakuwapo tena. Mstari wa malori ulikuwa umeanza kusogea, na lori la saruji lilikuwa linanguruma mbele, likielekea kwenye kizuizi.

Mama Kaunta alitoka kwenye karavani kwa kupitia dirishani. Hakuna aliyejua kwamba anaweza, hata yeye mwenyewe hakuwamo kwenye orodha ya waliojua. Alidondoka, akaokota ndala moja, nyingine akaiacha, akatimua mbio kando ya malori huku noti ikipepea mkononi. "Wewe wa saruji! Simama! Chukua hela yako!" Nyuma yake alikimbia dada wa forodha, akidhani mtuhumiwa anatoroka. Nyuma ya dada alikimbia Breki na goti lake bovu, akiruka mguu mmoja, akipiga kelele, "Breki! Breki!" na hakuna aliyejua anataja jina lake au anatoa amri. Madereva walipiga honi kushangilia. Mmoja alining'inia dirishani akitangaza kama mtangazaji wa mpira: "Mama anaongoza! Forodha inafuata! Mzee amepata kadi ya njano!"

Kipande cha mtu alipoona kwenye kioo cha pembeni mwanamke mzee na sare ya serikali vinamjia kwa kasi, akazima injini, akashuka na kuinua mikono juu.

"Sijafanya kitu!"

"Shika," Mama Kaunta alihema, akimsukumia noti. "Siuzi. Nilikosea. Shika!"

"Kwa nini? Nimekupa kwa hiari!"

"Kwa kuwa ukiniachia," alisema, akijishika kiuno, "sitaliona ziwa."

Dereva akamtazama afisa, akamtazama Breki aliyekuwa anawasili kwa kudunda, na uso wake mpana ukajaa maumivu ya mtu anayelazimishwa kusema kweli.

"Dada afisa, kwani anashtakiwa kuuza chai?"

"Ndiyo."

"Ile chai?" Akashusha mikono. "Mimi nilimpa hela ile kwa huruma. Nilijua mama wa watu amefilisika. Dada, nimekunywa chai za barabarani tangu nianze kazi hii, mpaka iliyochemshwa ndani ya kopo la rangi. Hakuna mfanyabiashara duniani anayeweza kuuza chai ile na akaiona jioni. Mimi mpaka sasa nikicheua linatoka povu."

"Povu?" Mama Kaunta alisema.

"Povu, mama. Nilidhani ni maziwa."

Wakarudi wote kwenye karavani, na madereva wengine wakifuata kama harusi. Afisa akachukua kikombe safi, akamimina, akanusa, akanywa funda moja. Alisimama hivyohivyo kidogo, shavu limejaa, akitafuta pa kulipeleka funda lile bila kuiaibisha ofisi. Kisha akalimeza, kwa kuwa alikuwa mtumishi mwaminifu, na macho yakamtoka machozi.

"Sabuni," alisema.

Breki akajipiga kichwa. Aliyewauzia karavani alikuwa amejitapa kwamba ameliosha tangi likatakata. Kumbe kulisuuza aliwaachia wao.

Dada wa forodha aliingia ndani mara ya pili, akatazama kitanda kilichotandikwa shuka la lesi, akainama dirishani na kutazama nje kama ambavyo mtu aliyelala angetazama. Alipotoka alikuwa anajikaza asicheke, na hakufaulu.

"Mama, kibanda cha biashara lazima mwenyewe awe na nia mteja arudi tena," alisema. "Hii si biashara. Hii ni nyumba ya watu waliokwenda matembezi bila kuonja maji yao. Na mwenye kibanda hakimbizi mteja amrudishie hela. Piteni. Ila mkamwage hilo tangi kabla hamjaua mtu."

Madereva wakalipuka kwa honi. Kizuizi kikanyanyuka. Mtu akaileta ile ndala iliyopotea na kuirusha nyuma ya pikapu, na karavani nyeupe ikavuka mpaka ikiyumbisha makalio kama bibi anayejua anatazamwa.

Kwa mwendo mrefu walicheka tu. Kila Breki alipofungua mdomo, kicheko kilimziba. Mama Kaunta alijifuta machozi kwa ncha ya khanga, akatulia, halafu akageuka ghafla.

"Wewe ulikunywa kikombe kizima."

"Viwili," Breki alisema kwa sauti ndogo.

"Ukakaa kimya?"

"Ulikuwa umefurahi sana, Mama Watoto. Nikasema, sabuni ni kitu gani? Si inasafisha tumbo."

"Nikakaa nawagawia watu povu, mume wangu ananitazama!" Alijaribu kukaza sauti, ile aliyoitumia kwa wauza zipu bandia, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika. "Sikiliza. Kuanzia leo, kitu kikiwa kibaya, unasema. Papo hapo. Hata kama nimefurahi."

"Papo hapo?"

"Papo hapo."

Breki akakohoa. Akatazama kioo, akatazama barabara, akashika usukani kwa mikono yote miwili.

"Basi njia ya ziwani tumeipita pale nyuma kwenye mzunguko. Nilikuwa nacheka."

Mama Kaunta akatazama barabara mbele. Ilikuwa inapanda, na hakuijua inakwenda wapi, na hakuna mteja aliyekuwa anamngoja huko. Akavua ndala aliyobaki nayo, akapandisha miguu yote miwili juu ya dashibodi.

"Usigeuze," alisema. "Endesha tuone na hii."