Mashine ya Pembeni Inayokondesha Vyuma

Inatangazwa kwa wote wenye masikio, walio hai na walioaga, kwamba mjane mmoja, fundi cherehani, mama wa watu wazima, amejiandikisha chuo cha ufundi, kitengo cha ukerezaji, yaani kuchonga vyuma kwa mashine, kwa nia ya kuonana na mume wake. Mume amekufa. Uongozi wa chuo umesema suala hilo halimo kwenye mtaala, lakini nafasi zipo.

Siku ya kwanza aliingia karakana na tepe ya kushonea shingoni, kwa mazoea tu, na jina likapatikana papo hapo: Mama Tepe.

"Mama, hapa tunapima unene wa unywele, sio kiuno," aliambiwa na Bishoo, mwanafunzi mwenzake, aliyepiga pasi ovaroli hadi mifukoni.

"Unywele wa nani? Maana wako umejaa mafuta."

Wakaelewana tangu hapo.

Shida ya chuma ni kwamba hakina marinda. Kitambaa ukikikosea unakikunja, mteja akikukata jicho unasema ndio mtindo. Chuma ukishakipunguza kupita kiasi, umekipunguza. Mama Tepe alilijua hilo kabla ya kuja, kwa sababu marehemu alikuwa fundi wa karakana hiyo hiyo, na alilirudia mezani hadi chakula kikaisha ladha.

Mashine ya marehemu ilikuwa ile ya pembeni, chini ya dirisha lisilofunguka. Alikuwa wa mkono wa kushoto, na wenzo wa mashine, ule mpini wa kuiendeshea, ulikuwa umechubuka rangi pale tu kiganja chake kilipokaa miaka yote, hadi kifua kilipomlaza. Mjane alipoushika mara ya kwanza, vidole vyake vilikaa ndani ya vidole visivyokuwepo. Hakuuachia upesi.

Wengine hawakuitaka mashine hiyo. Ilikata kavu kavu, maana pampu ya maji ya kupozea ilikuwa haifanyi kazi na ofisi ilikuwa inalishughulikia suala hilo. Lakini hofu yao ilikuwa nyingine. Kipande kilichokerezwa pale kilitoka sawasawa jioni, kikalala mezani kwa mwalimu, asubuhi kikawa kimekonda.

"Marehemu anakitafuna," mwalimu alisema, uso mkavu. Mzimu ulikuwa rahisi kuliko pampu. Haukuhitaji vipuri.

Mtihani wa mwaka ulikuwa fimbo ya chuma na pete yake. Fimbo iteremke ndani ya pete yenyewe, polepole, kama mtu anavyotoa pumzi. Ikikwama umefeli, ikicheza umefeli. Ukifeli mara mbili unarudisha ovaroli, na karakana huioni tena.

Mama Tepe akachagua mashine ya pembeni. Jioni maikromita, kile kipimo cha unywele, ilimpa heko. Asubuhi fimbo ilipita kwenye pete ikadondoka mezani, puu.

Alirudi nyumbani anatabasamu.

"Kaja," alimwambia dada yake akivua viatu.

"Kaja kufanya nini?"

"Kunifelisha."

"Basi ndiye," dada akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Furaha iliisha alipokumbuka ovaroli. Akifeli tena, mume atabaki karakana na yeye atabaki barazani na cherehani.

Mtihani wa pili ulifanyika mchana. Alikata kwa upole, nyuzi za chuma zikijikunja na kutoa moshi mwembamba wenye harufu ya mto wa kitandani kwake, upande ambao haulaliwi. Akapima. Umebaki unywele mmoja wa kupunguza. Akanyoosha mkono autoe.

"Iache ipoe, mke wangu."

Nyuma ya sikio la kushoto, karibu kabisa. Ndivyo alivyomwambia kila alipoingia nyumbani na kesi ya jirani: iache ipoe kwanza, ikiwa ya moto inajidai kubwa. Mama Tepe aligeuka. Bishoo alikuwa upande wa pili, anapuliza kucha. Nyuma yake hakukuwa na mtu.

Akazima mashine, akakunja mikono.

"Mama, muda unakwenda," mwalimu alisema.

"Nasubiri."

"Unamsubiri nani?"

Mama Tepe alikuwa anautazama wenzo. Mashine imezimwa, hakuna aliyeigusa, na wenzo ulirudi nyuma kidogo, kisha mbele kidogo, kama fundi anavyoondoa ulegevu kabla ya kukata. Halafu ukatulia. Pale pasipo na rangi paling'aa kama pametoka kushikwa.

Alipoona fimbo imepoa aliigusisha shavuni. Akapima. Ule unywele mzima haukuwepo. Ilibaki robo yake tu. Angeutoa wote, ingekuwa puu tena. Akaitoa hiyo robo, mkono wake ukiwa juu ya uvuguvugu usio wake.

Asubuhi fimbo iliteremka ndani ya pete polepole mno, hadi Bishoo akasahau nywele zake. Mwalimu alivua kofia. Mkuu wa chuo, aliyeitwa kushuhudia, alivaa sauti ya msibani.

"Mama, wote wanasema ulisimama unasikiliza. Tuambie, marehemu alisema nini?"

Mama Tepe alifuta mikono kwenye ovaroli yake.

"Kasema pampu mbovu. Hata alipokuwa hai alisema."