Mikayi Anarudi Kupanda

Bathsheba alikuwa mtu wa wivu, na wala hakuuficha. Wengine huugua malaria mvua ikianza. Yeye aliugua wivu masika, kiangazi na sikukuu. Tusimwonee, lakini, alikuwa mchapa kazi. Aliuza ngege, samaki wa ziwani, wa kukausha karibu na gati la Homa Bay, na mumewe Fanuel alikuwa kuli palepale gatini, akishusha magunia melini. Ila boma lao lilikuwa mbali, juu ya vilima nyuma ya misheni ya Asumbi, na huko alikaa mke wa pili, Dolphine, msichana wa kutoka Osiri, aliyeolewa mwaka ule wa Uhuru.

Makubaliano yalikuwa wapokezane: mmoja akae mjini na mume, mwingine abaki shambani, halafu wabadilishane. Zamu ya Bathsheba iliisha kabla ya Krismasi. Akaondoka? Thubutu! Leo ana mafua, kesho samaki hawajakauka, keshokutwa mguu unauma. Mvua za Machi zikamkuta mjini, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Maana kwa Wajaluo mke wa kwanza, yaani mikayi, ndiye anayefungua kupanda. Usiku wa kuamkia siku hiyo mume hulala kwake, na asubuhi yeye hutia mbegu kwanza, mistari michache tu, ndipo mke mdogo naye aanze. Mke mdogo akitangulia, ni mwiko, na watu huogopa kwamba watoto wa boma watakonda na kufa. Bathsheba aliyajua hayo yote. Alijua kwamba kila siku anayojikalia mjini, jembe la Dolphine limeegemea ukuta bila kazi. Na, Mungu amsamehe, jambo hilo lilimfurahisha.

Ijumaa moja Dolphine akatokea gatini kwa miguu, matope hadi magotini. Alimsalimu mwenzake kwa heshima, akaeleza kwamba kijiji kizima kimeshapanda, mahindi ya majirani yameota, naye amekuja kumwita mikayi wake. Bathsheba alisikia kwa sikio moja. Macho yake yalikuwa kwa Fanuel, aliyesimama na gunia begani akichekacheka. Gunia zito lile, na mtu hakumbuki kulitua! Roho ilimuuma mama wa watu mpaka akahisi kizunguzungu. Palepale akapanga mambo: Dolphine alale kwa jirani yao Tima, muuza maandazi, na alfajiri waondoke wao wawili. Fanuel angewafuata kwa baiskeli, kwa kuwa Jumamosi kazi huisha saa sita.

Basi wakaondoka, Dolphine mbele na Bathsheba nyuma, maana Bathsheba alitaka kumwona. Walizunguka kilima cha Asego, mabati ya mji na ziwa vikabaki chini yao, wakaanza kupanda na kushuka, kilima baada ya kilima, njia nyekundu inayonata miguuni. Kila upande watu walikuwa wakipalilia. Nao walimwita Dolphine kwa jina! Jana tu alipita hapo mara moja, na tayari kila mtu ni rafiki yake. Bathsheba, aliyeipita njia hiyo tangu mimba ya Cephas, kifungua mimba wake, aliitikiwa salamu kama mpita njia yeyote. Aliiangalia ile shingo iliyonyooka chini ya kikapu, zile hatua nyepesi, akajiambia kwamba hata yeye enzi zake alikuwa hivyo, tena zaidi. Akawa anapumzika makusudi kila kijito, ili tu mwenzake asimame jua likimchoma.

Kabla ya kufika soko la Rangwe, ndara ya tairi ya Bathsheba ikakatika. Dolphine alivua zake, akamwekea miguuni, akaubeba na mzigo wa samaki wa Bathsheba juu ya wake. Unadhani Bathsheba alishukuru? Alichoona ni kwamba ndara zimemwenea kwa shida, kwa sababu miguu ya mwenzake ni midogo.

Rangwe waliomba maji dukani kwa Noordin, mzee wa Kiislamu aliyetoka pwani miaka mingi iliyopita. Mzee alimtazama Bathsheba, akamuuliza kama ndiye yule mkubwa aliyefuatwa mjini. Akasema kwamba jana alimshauri binti huyu ajipandie tu, vilima vile nani angemwona? Binti akakasirika, karibu amrudishie kikombe chake. Alisema Mama Cephas akikuta amerukwa, ataaibika mbele ya kijiji.

Bathsheba alikunywa maji yake polepole. Kutoka pale hakupumzika tena. Walipoupita mnara wa kanisa la Asumbi na kuanza kilima cha mwisho, alijikuta anatembea bega kwa bega na Dolphine, akimuuliza habari za ng'ombe. Wivu ulikuwepo, usidanganyike, lakini ulikuwa umelala. Akaamua moyoni: kesho nitaamka mapema, nitie mistari miwili mitatu, kisha nimwite huyu mtoto apande. Hata nitamsaidia. Alijisikia mwepesi, kitu ambacho hakikuwa kimempata siku nyingi.

Fanuel alifika jua likizama, baiskeli imejaa tope. Alipita mlango wa Dolphine bila kuingia, akaenda kwa mikayi kama desturi inavyotaka. Bathsheba alikuwa amepika ngege mkubwa kuliko wote, na amejipaka mafuta. Mume alikula, akanawa mikono, akamtazama kwa upole ambao hajamwonyesha tangu mwaka juzi.

"Mama Cephas," alisema, "kesho ujitahidi uamke mapema. Utie zako haraka, Dolphine asije akapanda juani. Mtoto wa watu amechoka."

Bathsheba alisema sawa, akaondoa sahani.

Na kweli aliamka mapema. Alitia mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Dolphine alikuwa amesimama mpakani, peku, jembe mkononi na mbegu zimefungwa kwenye pindo la leso. Bathsheba akatia wa nne, wa kumi, akahamia upande wa pili wa shamba. Uji ukaletwa, akakataa. Jua likapanda hadi utosini, Fanuel akiangalia kutoka kivulini na asiweze kusema kitu, maana siku hiyo ilikuwa ya mikayi. Mwishowe Dolphine aliuliza kwa sauti ya chini kama sasa anaweza kuanza.

"Sijamaliza," alisema Bathsheba, na akaenda kuchota mbegu nyingine.