Nani Anachanganya Dawa

Mwanangu alinipokea kwenye geti la chuo chake, akaangalia mabegi yangu mawili ya suruali, akasema, "Mama, leo nina kazi na wewe." Nikajua basi, mapumziko hakuna.

Nilikuwa nimetoka Zhanxi, soko la Guangzhou kule China, kwenye nguo za jumla. Asubuhi yote nabishana na mwanamke mmoja aliyejifunza Kiswahili cha maneno matatu. "Mama, pamba, nzuri. Mama, pamba, nzuri." Sauti inamtoka puani, huku anakupapasa mkono kama mlinyonya pamoja. Nikachomoa uzi kwenye suruali yake, nikauwashia kiberiti. Ukajikunja, ukawa kidonge cheusi. Nikamwambia, "Laobani, pamba haiyeyuki." Kule kila mwenye duka ni laobani, ndiyo bosi. Akacheka, akafungua mzigo mwingine. Mtu aliyelima pamba hadanganywi pamba.

Huyu binti yangu alipata skolashipu kusomea wadudu wa pamba, huko huko Guangzhou. Profesa wake alimtaka aandike orodha: kwa wakulima wa kwetu Usukumani, katika shida zote za wadudu, ipi ifanyiwe utafiti kwanza, ipi ifuate. Ya juu ndiyo angeisoma miaka mitatu. Akaandika. Profesa akaisoma, akamuuliza, umemuuliza mkulima gani? Akasema mama yangu anakuja kununua nguo.

"Yaani nimepanda ndege mbili nije kuulizwa habari za funza," nikamwambia. "Ungenipigia simu."

"Kwenye simu unaiga watu tu, hujibu."

Hilo ni kweli.

Kwanza akanipeleka kuona hao funza. Wanalelewa. Wana chumba chao, wana kiyoyozi, kila mmoja na kikopo chake na chakula kimesagwa. Wanangu walilala watatu kitanda kimoja. Nikawaambia wale funza, shikamooni. Profesa alikuwepo, mzee mwembamba, mkononi chupa ya chai yenye majani ndani. Ukimuuliza kitu, anafungua chupa, anakunywa, anafunga, anatazama dari, ndipo anasema neno moja. Tulipotoka nje nikamuiga. Nikakunywa, nikafunga, nikatazama juu, nikasema, "Mmm." Mwanangu alicheka mpaka akashika ukuta. Siku hiyo hakucheka tena.

Tukakaa kwenye benchi karibu na vitalu vyao vya pamba, vimefunikwa neti. Akatoa karatasi za maswali.

"Wadudu gani wanasumbua zaidi?"

"Funza wa vitumba. Chawa jani. Bwana shamba."

"Mama."

"Haya, mfute bwana shamba." Lakini nilikuwa nimeshamuanza. Yule alikuwa anatuhutubia juu ya pikipiki, haizimi: "Ndugu wakulima, zingatieni maelekezo yaliyopo kwenye chupa." Na maelekezo yenyewe Kizungu. Anaondoka, tunabaki tunaangalia picha ya fuvu.

Akageuza karatasi, akasoma, "Katika kaya, nani anachanganya dawa?"

Baba yake alikufa msimu wa kupulizia, yeye akiwa na miaka sita. Alikua akijua ni malaria, maana ndivyo nilivyowaambia watu wote. Swali hilo nililikwepa tangu siku hiyo, leo linanijia kwa mdomo wa mtoto mwenyewe. Ningeweza kumuiga mtu, likapita. Nilichoka.

"Mimi," nikasema.

"Kipimo?"

"Kizibo cha soda. Kimoja kwa bomba moja la mgongoni."

Akaandika. "Wadudu wasipokufa, mnazidisha?"

"Mwaka ule hawakufa. Baba yako alikuja jioni na kitumba mkononi, akakipasua, funza yumo mzima, anatembea. Akasema ongeza. Nikatia viwili. Wiki iliyofuata yuko pale pale. Nikatia vitatu. Hicho cha tatu hakuniambia, nilitia mwenyewe, nilikuwa na hasira na wale wadudu."

Kalamu yake ilisimama.

"Bomba letu lilikuwa linavuja. Nilimfunga khanga yangu mgongoni lisimchubue. Ilikuwa inarudi imelowa, naianika, kesho namfunga tena. Siku aliyoanguka alitetemeka, akatapika, mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Jasho lake lilinuka dawa. Nililifuta usiku kucha. Watu wakasema malaria, nikasema ndiyo, malaria."

Nikafikiri ataondoka, aniache na mabegi yangu. Halafu akasema, polepole, kama anaongea na mtoto, "Mama, wale funza walikuwa wameshakuwa sugu. Ile dawa ilikuwa haiwawezi tena. Hata ungetia kumi."

"Hata kumi?"

"Hata kumi wasingekufa."

Najua alisema ili anipunguzie. Mpaka pale nilikuwa na kitu kimoja cha kujishika, kwamba angalau tuliokoa shamba. Kumbe wale dawa haikuwaua, wangekufa siku zao wenyewe. Aliyepatwa na vizibo vyangu ni mtu mmoja tu.

Nikamwambia, "Andika hilo liwe la kwanza kwenye orodha yako. Mtu aende akawaambie wanaochanganya."

"Hilo halitafitiwi, Mama. Utafiti ni wa kitu kisichojulikana. Hilo linajulikana."

"Linajulikana na nani?"

Akainama, akaandika juu kabisa kwenye karatasi. Sijui kusoma, nikamwomba anisomee. Alikuwa ameandika: nani anachanganya, na nani alimwambia.

Tulipompelekea, profesa alikunywa chai yake, akafunga, akatazama dari. Alikataa, kwa upole. Idara yake ni ya wadudu, hilo ni la watu. Wakaweka usugu wa funza juu, na mwanangu akausoma miaka yote mitatu, akamaliza vizuri. Habari ya baba yake hatukuirudia. Siku ile naondoka, uwanja wa ndege alinikumbatia, lakini alinikumbatia haraka.

Mvua zilipokuja mwaka ule, nimesharudi nyumbani, nilipita kwa jirani yangu, nikamkuta na ndoo yake na chupa, anamimina kizibo cha pili. Nikamwambia acha, hawafi hao, hata ukitia kumi.

Akanitazama, akaniiga mimi, na ananipatia: "Hata ukitia kumi. Umekuwa bwana shamba sasa? Wewe hukusoma, umejuaje?"

Nikakaa chini pale kwenye ndoo yake, nikamwambia nilivyojua.