Sauti ya Georgina

Kwa miaka kumi na tisa Georgina alisoma matangazo ya vifo katika redio moja ya Bariadi. Mwezi uliopita meneja alinakili sauti yake kwenye kompyuta bila kumuuliza, ikawa inasoma yenyewe, naye akahamishiwa mapokezi.

Jana mzee Kulwa alifika kutoka Bukundi. Alikuwa amefiwa na mkewe, Minza.

"Nisomee tangazo wewe, mwanangu," alimwambia Georgina pale mapokezi.

"Kompyuta inasoma kwa sauti hiyohiyo, mzee," meneja alisema.

"Kwani yenyewe imewahi kufiwa?"

Georgina aliingia studio, akasoma jina la Minza, akatulia kidogo kama alivyozoea, kisha akaendelea.

Alipotoka alimwomba meneja aifute ile sauti.

"Ningeifuta, dada Georgina," alijibu, "ila sijui inafutwaje."